Musitupe Sashe

Gisenyi, jioni ya kuamkia safari yako

Furaha mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umekula viazi viwili ukaacha cha tatu, na tangu juzi hunijibu kitu ila "ndiyo baba". Yangu pia unaijua: leo tumepakua mkaa na mabega yanawaka moto. Basi tuzivuke salamu.

Mambo ya njiani sitayaandika. Kigali umkabidhi nani mzigo, pale mpakani Rusumo ukae karibu na nani, nguo ipi iwe juu na ipi chini, mama yako ameyasema yote tangu Jumapili, na akiyarudia tena hata sanduku litayakariri. Mimi nataka kusema juu ya lile neno la juzi peke yake.

Juzi tulikuwa tunaambua maharage, ukasema, "Baba, mi sitaenda tena." Mama yako akakushika paji la uso akidhani una homa. Nikakuuliza sababu. Ukasema, "Kule Tanga kazi ni kusema mbele ya batu. Mi nitasema mutu, bao batanicheka. We mwenyewe unanichekaka."

Nikaendelea na maharage. Jibu nimelipata leo. Lakini ni refu, na kwa mdomo nitalikatakata. Ndiyo maana naliandika.

Kwanza, ulisema kweli. Tangu ulipoanza kutamka maneno nimekuwa nakufuata nyuma kama mtu anayeokota punje. Sema mtu, siyo mutu. Sema mzuri. Sema yupo, siyo iko. Nilifika huku kijana kutoka Tanga na kampuni ya barabara, nimesoma darasa la nne tu, na kitu nilichodhani ninacho ambacho wenzangu hawana kilikuwa Kiswahili cha pwani. Mtu aliyebeba kokoto kutwa anataka jioni awe na jambo la kujivunia. Langu lilikuwa herufi M. Kumbe kila nilipoipigania hiyo M, nilikuwa nakufunga wewe mdomo.

Na cha ajabu, mimi mwenyewe nimechekwa katika nyumba hii miaka yote. Mama yako alianza kukicheka Kinyarwanda changu siku nilipokwenda kuwasalimu wakwe. Sikuacha kusema naye hata siku moja. Tungeachia hapo kwa sababu ya aibu, wewe usingekuwepo.

Maneno yana njia zao, Furaha. Unakumbuka hadithi ya karani? Kazi ya barabara ilipokwisha nikaingia kupakua mitumbwi mwaloni, nikakuta wapagazi huku wanaitwa karani-ngufu. Jina likanifurahisha. Nikamwandikia shangazi yako Mwanahawa kule Tanga: "Dada, siku hizi watu wananiita karani." Sikudanganya hata herufi. Yeye akatangaza mtaa mzima kwamba kaka yake yuko ofisini Rwanda, akaniomba picha nikiwa mezani. Nikamtumia ile niliyopigwa nikiwa na mkungu wa ndizi kichwani, nyuma nikaandika: "Meza yangu ndiyo hii, naibeba mwenyewe." Alicheka mpaka akaitundika ukutani, na nasikia wageni wote huonyeshwa.

Sasa nije kwenye ule ubao wangu wa mwaloni. Ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa wanaocheka. Upande wangu hukuuona vizuri.

Ulipozaliwa sashe, hii mifuko ya plastiki, hazikuwepo nyingi hivi. Sambaza, hawa dagaa wa ziwa letu, walifungwa kwenye jani la mgomba, au mnunuzi alikuja na kikapu chake. Kisha ile mifuko myeusi ikaanza kuvuka kutoka Goma, myepesi kama si kitu. Mtu anapewa moja ya chumvi, moja ya vitunguu, moja ya sambaza, na kabla hajafika nyumbani moja imeshamponyoka. Mvua ikinyesha, mifereji yote ya mji inazileta kwetu chini. Mwaka ule wa ubao zilijaa mwaloni mpaka unakanyaga sashe kabla ya kukanyaga mchanga.

Gaspard, yule msimamizi wa mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti, akatuita wapagazi wote. Akasema wavu unapanda mzito, wanashangilia, kumbe ni sashe zimeziba matundu na sambaza wanamwagika pembeni. "Bon," akasema, "tukiendelea vile, sisi tunahamia Nyamyumba. Nyinyi mutabakia hapa kupakua upepo."

Nikaona hili ni langu. Nikaenda kwa wauza samaki, nikajinyoosha, nikasema kwa Kiswahili changu chote: "Mabibi, uchafu huu ni aibu yenu." Mama Bahati alikuwepo, yule anayevuka mpaka kila asubuhi kuja kuuza sambaza. Nilikuwa nimetoka kwenye mkaa. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Baba Furaha, we uko mweusi kupita sashe yangu, halafu mi ndiyo muchafu?"

Wakacheka mpaka wengine wakaweka beseni chini. Siku ile sashe zilitupwa nyingi kuliko jana yake, na nadhani baadhi zilitupwa kwa heshima yangu.

Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji, nikaja na fikra nyingine. Nikatafuta ubao wa sanduku la sabuni, Gaspard akanipa rangi iliyobaki alipopaka mtumbwi. Nilitaka kuandika MUSITUPE SASHE NDANI YA ZIWA. Ile MU niliiandika kwa makusudi, ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaandikia watu kama wanavyosema, na nakuambia mkono uliuma. Lakini sikupima. Herufi zangu ni kubwa, za mtu aliyejifunzia kwenye mchanga ambao hauna mwisho. Nilipomaliza neno SASHE, ubao nao ulikuwa umemalizika. Nikasema inatosha, nani asiyeelewa? Nikaupigilia kwenye mkaratusi pale njia inaposhuka mwaloni.

Mama Bahati akaja, beseni kichwani, akasimama. Anasoma kwa silabi, kama mimi.

"Mu-si-tu-pe... sa-she. Musitupe sashe. Eh! Baba Furaha! Donc hamutaki tena tuwape sashe? Bon. Sambaza tutawatilia wapi, mu kofia?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Ni kutupa. Kutupa mbali. Siyo kupa."

"Mbali iko wapi hapa? Mi nasoma vile iko. Mu-si-tu-pe. Musitupatie. Unatuomba, na umeomba na rangi."

"Mama Bahati, neno lenyewe ni tupa..."

"Ndiyo, tu-pa! Mungu anatupa mukate, anatupa maji. Anatutupia? Yoo! Karani muzima hajui kusoma kile ameandika!"

Mwanangu, nilisimama mbele ya ule ubao nikitafuta pa kumshika, sikupaona. Alikuwa sawa. Lugha niliyojidai nayo miaka yote ilikuwa imeyavika maneno mawili shati moja, na mimi mwenye lugha sikuwahi kugundua. Mwanamke niliyekuwa namsahihisha kila siku ndiye aliyefungua vifungo.

Kesho yake nikaenda kununua kitoweo. Akachukua jani la mgomba, akalikunja, akafunga kwa uzi wa mgomba, akanikabidhi. "Kamata. Umekataza sashe, mi naheshimu kibao." Wenzake wote wanangoja nikasirike. Nilitaka kukasirika kweli. Lakini lile jani lilikuwa linavuja, maji ya samaki yananishuka kwenye suruali, na nikaona jinsi nilivyo, nikacheka. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja mwenye kikapu. Akasema, "Na mi usinipe sashe." Hakuwa akifikiria ziwa wala wavu wa mtu. Alitaka tu asiachwe nje ya mchezo.

Kuanzia hapo ukawa mchezo kweli. Mama Bahati anamuuliza kila mnunuzi, "We uko wa kibao ao wa sashe?" Ukiwa wa sashe, mstari mzima unakuzomea, "Yoooo!" Ukiwa wa kibao unapata nyongeza, kiganja kimoja cha sambaza juu. Miaka mibaya tuliyoipitia unaijua, haihitaji wino wangu. Nilikuwa nimeshaamini kwamba mji huu utaishi, lakini kucheka pamoja kwenye mstari, watu wa hapa na watu wa ng'ambo, hilo sikulitazamia tena. Nilikuwa nasimama na gunia mgongoni, nimesahau kulitua, nawasikiliza.

Hata hivyo nilitaka kurekebisha kosa langu. Nikapata kipande cha pili cha ubao, nikaandika NDANI YA ZIWA, nikashuka nacho na nyundo. Wewe ukatoka shule ukanikuta. Ukasimama mbele ya mkaratusi, mikono umeitanua.

"Baba, acha vile! Batu banacheka na hawabebe sashe. Ukiongeza maneno, batasoma tu, batapita."

Nilikubishia. Ukaninyang'anya misumari. Kisha ukashuka mwenyewe kwa wauza vitunguu na wauza sabuni, na huko hakuna ubao, ulikuwa mdomo wako tu. "Mama, musitupe sashe!" Wakakujibu, "Na we usitupe makelele!" Ukacheka kuliko wao, ukabaki pale pale. Ukachukua vikapu vya mama yako kuwaazima wanunuzi waliokuja mikono mitupu. Nusu havikurudi, na mama yako bado anavililia, akiona kikapu sokoni anakigeuza chini kutazama mshono. Lakini baada ya hapo nikaanza kuona watu wanashuka mwaloni na vikapu kutoka kwao.

Watu wa Gaspard wakatia neno letu katika wimbo wa kupiga kasia. Jua likishuka unawasikia, nusu wanaita, nusu wanajibu:

Usitupe, usitupe,
sashe usitupe.
Ee ziwa, tupe, tupe,
sambaza tupe.

Mimi ndiye niliyesema wasitupe, na sasa wanaimba tupe. Nimeacha kuhangaika. Wanaelewana wenyewe.

Sikuambii kwamba sashe zimekwisha. Jana tu nimenasua moja kwenye kamba yangu. Wapo wauzaji ambao hawautaki mchezo, na wanunuzi wanaoona aibu kubeba kikapu kama bibi zao. Na jani linavuja, hilo halina ubishi. Yule fundi baiskeli alimwaga sambaza wake wote njiani, paka wa mtaa wakapata sikukuu. Ila wavu unapanda mwepesi, na Gaspard hajahama. Anasema alikuwa anatutisha tu. Mwongo.

Nimekaa nikafikiri kwa nini ubao ulifanya kazi kwa kosa na usingefanya kwa usahihi. Nadhani ni hivi. Mimi nilikuwa nawasubiri watu mwisho wa njia, sashe tupu iko mkononi, hawaitaki tena, na mimi nawagombeza. Mama Bahati akasoma ombi la mwanzo wa njia, kabla sashe haijatoka kwenye bunda. Usichopewa, utakitupa vipi? Nilipowaambia watu ni wachafu, waliniambia mchafu ni mimi, na hakuna aliyesafisha kitu. Walipopata la kucheka, mikono yao ikafanya mengine.

Wewe ndiye uliyeniambia pia safari ya maji. Ulileta ramani ya shule, ukasema ziwa letu linatoka kwa mto Ruzizi, linaingia Tanganyika, na huko linapata njia mpaka kwenye mto Kongo, mpaka baharini. Nikasema ziwa ni ziwa, bahari ni bahari, mimi nimezaliwa baharini. Ukapitisha kidole juu ya karatasi hadi ukingoni, bahari ya upande ule mwingine, siyo yetu ya Tanga. Mama yako alikuwa anapepeta mtama, hata hakuinua macho: "Mimi naliita inyanja siku zote, mkanicheka." Ni kweli. Kwa Kinyarwanda ziwa hili kubwa na bahari vina jina moja, na mimi nililiona hilo kuwa ni umaskini wa maneno. Kumbe lugha yake ilikuwa na ramani.

Basi nikamwandikia shangazi yako habari za ubao, kwa kumfurahisha tu. Jibu lake umelisoma, lakini nataka ulisome tena kwa macho yangu. Anasema yeye na kina mama wenzake wanaokota mifuko ufukweni mpaka migongo inakataa, na watu wamekaa wanawatazama kama wanatazama harusi. Anasema wavuvi waliokota kasa aliyekufa, walipompasua tumbo limejaa mifuko, kwa sababu ndani ya maji mfuko unafanana na kile kidudu laini kinachoelea ambacho kasa hula. Halafu akaandika: "Sisi tuna mafagio, hatuna mdomo. Huyo mtoto aliyeshuka sokoni akakaa mpaka akasikilizwa, nipe huyo."

Ona alivyosema. Hakuomba Kiswahili safi. Kiswahili safi Tanga kimejaa tele, kinamwagika barazani tangu asubuhi, na ufuko bado mchafu.

Watakucheka. Sitakudanganya kwa hilo. Watu wa kwetu wana ulimi. Ukikosea neno sokoni asubuhi, jioni unalikuta msibani linakungoja. Utasema mutu watakucheka, utasema iko watakucheka, na ukikasirika utapewa jina la utani litakalokufuata mpaka uzeeni. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu anavyogeuka akicheka. Anaacha alichokuwa anafanya. Anakutazama usoni. Anamwita mwenzake, "Njoo usikie huyu." Mimi nilipiga kelele mwaloni kwa usahihi, na hakuna aliyewahi kumwita mwenzake aje kunisikia.

Kwa hiyo siku ya kwanza, ukikosea, usirudi nyuma kulirekebisha neno. Mimi sitakuwepo kuokota punje. Waache wacheke waishe, na wewe ucheke ukiweza, kisha umalizie ulichokuja kusema. Hawatakuwa wamekwenda popote.

Na kama bado hutaki, basi. Taksi ya Kigali itapiga honi alfajiri, mimi nitamwambia dereva aende, nitalifungua sanduku kwa mikono yangu na nguo zitarudi msumarini. Sitakuuliza neno tena. Ninachotaka ni kwamba usibaki hapa kwa ajili ya herufi yangu. Ukibaki, ubaki kwa ajili ya jambo kubwa kuliko hilo.

Nilikuwa nimefika hapo uliposukuma mlango, nikafunika karatasi kwa kiwiko. Hukuitazama hata. Ulikuja kuomba kamba. Ukaipata, ukaenda, ukarudi.

"Baba, kile kidudu cha bahari, kile kasa anafikiriaka ni sashe. Kule banakiitaka nani?"

"Yavuyavu," nikakwambia.

"Nini?"

"Yavuyavu."

Ukashika mlango. Ukamwita mama yako atoke jikoni. "Mama! Kuya usikie! Batu ba Tanga biko na kitu banaita yavuyavu!" Mama yako akajaribu kulisema, likamshinda katikati, mkashikana mabega mnacheka, na mimi nimekaa hapa na kiwiko juu ya barua nimekuwa mgeni nyumbani kwangu. Ukajifuta machozi kwa ile kamba.

"Yavuyavu," ukasema. "Na ni bao ndiyo batanicheka mi?"

Sasa nakusikia chumbani unafunga sanduku.

Baba yako,
Hamisi